Danzi, Miwa na Hasira ya Baba Mkubwa

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Nimepangusa glasi zote za baa mara mbili. Kile kichupa cha dawa chungu ya kutia kwenye wiski kimekwisha, na mzigo wa Mombasa haujafika. Mgeni akiagiza nimtilie nini, machozi? Meneja wa loji kasema nitumie akili. Nimechuma danzi, yale machungwa machungu, nyuma ya stoo, nikaroweka maganda kwenye wiski na majani matatu ya mwarobaini. Nimeonja. Ulimi umekufa ganzi.

Mke wangu Wakesho ametimiza miezi saba ya mimba leo. Mara mbili tumepoteza, hatujawahi kufika hapa. Asante Mungu. Nasema polepole.

Jumatano, 6 Novemba

Mvinyo mtamu wa kuchanganyia nao umekwisha. Nimechemsha maji ya miwa mpaka yakawa mazito. Wiski vipimo viwili, miwa kimoja, matone ya danzi. Utamu mbele, uchungu nyuma. Mgeni mmoja kanywa tatu, kaniita bwana. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 9 Novemba

Wakesho kashikwa na maumivu ya tumbo. Yuko hospitali. Nesi anasema alale, asiinuke, tungoje.

Mama mkwe hakuzunguka mbuyu: nenda kwa babako mkubwa. Najua. Miaka miwili najua. Siku ya kumzika baba, Baba Mkubwa alizuia jeneza mpaka jua likazama, akiningoja mimi, kifungua mimba. Mimi nilikuwa hapa lojini namimina pombe kwenye sherehe ya wageni. Niliogopa kufukuzwa kazi. Kisha nikaogopa kwenda kuomba msamaha. Na ndiye aliyenisomesha.

Kwetu hasira ya mzee haipigi kelele. Inakaa moyoni mwake, na nyumba yako inaumia, hadi apige funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, alipulize chini na kuitoa kwa maneno. Nimebatizwa. Naogopa vilevile.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepanda mlimani Mbololo, kwa Baba Mkubwa. Mbangara haikuwepo, na kuipika kunataka siku ambazo sina. Nikabeba chupa ya mchanganyiko wangu. Nilijiona mwerevu: si miwa imo?

Baba Mkubwa alinusa. Akaniangalia.

“Umeniletea pombe ileile iliyokuzuia kumzika babako?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipiga magoti, nikasema nimekosa. Nikasema niliogopa. Nikamtaja Wakesho. Kuku wakapita katikati yetu.

Akainuka na chupa. Akapiga funda, uso ukamkunjamana, akalipuliza chini.

“Kama nina hasira na mtoto huyu, itoke. Nyumba yake itulie. Tumbo la mkewe litulie.”

Akapuliza la pili. La tatu akalimeza.

“Haya mauchungu umeyatoa wapi?”

“Danzi, Baba.”

“Punguza.”

Nimelia njia nzima mpaka Voi.

Jumanne, 12 Novemba

Maumivu yamekoma tangu jana. Nesi anasifu kulala, mama mkwe anamsifu Baba Mkubwa. Mimi nawashukuru wote, sibagui.

Nimepunguza danzi. Mzee alisema kweli, sasa kinywaji ni kitamu zaidi.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Msichana. Mzima, ana sauti ya kondakta.

Baba Mkubwa ameshuka na kofia yake ya kanisani. Amembariki mtoto kwa funda la maji. Chupa yangu kairudisha imeoshwa, imejaa maji ya miwa.

Wakati wa kuondoka akaniuliza siku yangu ya kupumzika kazini.

“Alhamisi, Baba.”

“Basi nitajitahidi kufa Jumatano.”

Alicheka, nami nikacheka. Halafu nikamshika mkono, nikamwambia hata ikiwa Jumamosi, hata loji ikiwa imejaa, nitakuwepo. Akaitikia kwa kichwa. Nimemsindikiza hadi stendi.

Mama na mtoto wamelala. Maji ya miwa nimeyafunika kwa sahani. Hayo siyapeleki kazini.