Mama, shika mguu!

Shoga, nimejiaibisha leo!

Si nilikwenda kununua tripodi ya kamera? Muuzaji akanisimamishia mbili: ya alumini, nzito kama jiwe, na ya kaboni, nyepesi kama unyoya. Nikafunga kamera yangu juu ya ile ya kaboni. Akawasha feni nione kama itatulia.

Ikayumba kidogo. Na mimi, bila hata kugeuka, nikasema kwa sauti: "Mama, shika mguu!"

MAMA, SHIKA MGUU. Duka zima likanigeukia!

Unakumbuka mama alivyokuwa? Kila harusi niliyopiga picha alichuchumaa pale chini na gauni lake la kutokea, kaushika mguu wa tripodi, upepo usije ukaiangusha. Mdomo umezoea, shoga. Miezi mitano tangu tumzike, mdomo bado haujaambiwa.

Muuzaji akauliza, "Kumbe umekuja na mama? Mbona umemwacha juani?"

Nikajibu nini mimi? "Anakuja."

ANAKUJA! Uongo ule sijui umetoka wapi.

Akanionyesha kwamba ile ya kaboni ina ndoano katikati. Ukiwa peke yako unatundika begi hapo, inatulia tuli. Nikachukua hiyohiyo, nikalipa macho chini.

Nageuka kutoka, namkuta muuzaji mlangoni anafuta kiti vumbi.

"Cha mama hiki," akaniambia. "Akifika, apumzike."