Nilivyotafunwa na darasa langu

Shoga, kazi naacha. Leo leo!

Si nilikwambia nafundisha safari ya chakula tumboni kwa maigizo? Watoto wakawa meno, tumbo, utumbo. Tonge nikawa mimi. Mimi, na magoti haya!

Wakanitafuna, wakanisukuma, nikatambaa chini ya madawati yote, maana ndiyo utumbo wenyewe. Nachomoza kichwa mwisho wa darasa, naona viatu vinang'aa. MKAGUZI! Mwalimu mkuu yuko nyuma yake, ameshika kichwa.

Mkaguzi akauliza, "Huyu nani?"

Darasa zima, kwa sauti moja: "MAVI!"

Mavi, shoga. Mbele ya mwalimu mkuu.

Mkaguzi akaandika weee, kisha akasema, "Wameelewa hawa. Haya mwalimu, rudi mdomoni, mwanzo sikuuona."

Na nikarudi. Nikatafunwa upya.