Kitunguu cha Ng'ambo ya Barabara

Mpendwa Kogo,

Habari za Mau Narok? Mimi mjukuu wako niko salama, ila nimekasirika. Barua hii nampa Weldon wa lori la viazi, maana kwa simu ungesikia sauti yangu ushtuke.

Vile vibanda vya hapa getini vilibomolewa. Eti vinachafua sura ya chuo. Pale Mama Adongo alipokuwa akituuzia sukuma wiki wamepanda maua, na soja anatufukuza tukikaa karibu. Maua, Kogo! Sasa ukitaka hata nyanya moja, unavuka barabara kuu utembee mpaka senta. Tukilalamika tunaambiwa supamaketi inakuja. Tangu nikiwa mwaka wa kwanza inakuja tu. Na malori ya viazi vya huko kwetu yanapita hapa yamejaa, yanaenda kulisha Nairobi.

Mtihani nilipita. Baridi imezidi, lakini ile sweta uliyonifumia inanisaidia.

Uliuliza mbona Edinah, yule tunayekaa naye chumba kimoja, hakusalimii siku hizi. Ijumaa sufuria ikiwa jikoni, alitoka kutafuta kitunguu. Pikipiki ikamgonga akivuka kurudi. Mguu umevunjika mahali pawili, na baba yake amemchukua mpaka kwao Bungoma. Mwaka huu harudi. Tulipomfikia, kitunguu alikuwa bado amekishika.

Kwa hivyo usitume chupa mbili za maziwa ya mursik kama kawaida yako. Tuma moja, na pale pa chupa ya Edinah uweke vitunguu.

Ni mimi wako,
Chepkirui