Jalada Lisilo na Uso

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu na unisaidie, kwa sababu nimekwama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni na ndiye mbunifu wa jalada la jarida letu la wanafunzi, na toleo hili ni la kuwashukuru wafanyakazi wa chuo, basi nikampiga picha mama anayesafisha korido yetu, nilimpiga kwa simu kutoka juu ya ngazi akiwa ameinama anapiga deki, mgongo tu, na mwanga wa dirisha umemwangukia vizuri mpaka nikajipongeza mwenyewe. Kwa utaratibu wetu jalada hubandikwa wiki nzima kwenye ubao wa matangazo wa korido hiyo hiyo pamoja na penseli iliyofungwa kwa uzi, kila apitaye aandike maoni bila kutaja jina, na sifa zilimiminika, hongera, kazi safi, hujawahi kukosea, isipokuwa oni moja pembeni kwa herufi kubwa za taratibu: "Mbona hana uso?"

Mshauri, katika yote yale ni hilo tu lililonikaa kama kokoto kiatuni, nikaamua kwamba ni mhariri msaidizi, rafiki yangu tangu sekondari, kwa sababu yeye alitaka jalada la kuchorwa, nikamwambia mbele ya kamati nzima kwamba ana kijicho, naye akafunga daftari lake akatoka, na hadi leo hatusemeshani. Halafu juzi naingia chooni nakuta karatasi mlangoni, "Sakafu imelowa, piteni pembeni," na mwandiko ni ule ule wa ubaoni, na anayebandika karatasi zile ni mama huyo huyo wa usafi. Ijumaa jalada linakwenda kuchapwa, mwalimu mlezi anasema kamati imeshapitisha tusirudi nyuma, na mama kila asubuhi nikimwamkia ananiitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" na hilo linaniumiza kuliko angeninunia. Nilikusudia heshima, haki ya Mungu. Nimwendee nimwambie nini, au niache lichapwe kwa kuwa hajalalamika?

Mbunifu Aliyekwama

Mbunifu, mwanangu,

Pole. Nakuamini kwamba hukuwa na nia mbaya. Lakini heshima gani hiyo ya kumvizia mtu mzima kutoka juu ya ngazi? Mwalimu mlezi ungempiga hivyo, ameinama, bila kumwambia? Usingethubutu. Na ruhusa ulimwomba nani, dirisha?

Usiniambie hajalalamika. Amelalamika kwa maneno matatu, kwa penseli yenu wenyewe, bila tusi hata moja. Aliuliza kitu ambacho kamati nzima haikukiona, nawe badala ya kutafuta jibu ukaanza kumtafuta mchawi, ukamwangukia rafiki yako. Kinachonipa moyo ni kwamba sifa zote zile hazikukulevya na oni hilo moja likakuchoma. Mtu wa namna hiyo bado anafundishika.

Sasa sikiliza. Rafiki yako ulimdhalilisha mbele ya kamati, basi msamaha umwombe mbele ya kamati ile ile. Kumtumia ujumbe wa simu ni kujificha. Mwalimu mlezi mweleze wazi kwamba mwenye picha hakuulizwa, kwa hiyo kamati ilipitisha kisicho chake. Akikasirika, vumilia, Ijumaa bado haijafika.

Mama mwendee anapopumzika, asiwe na ndoo mkononi. Habari za mwanga mzuri ziache nyumbani. Mwambie, "Mama, nilikupiga picha bila kukuuliza, nisamehe," kisha umwache aseme yeye. Akikubali kupigwa nyingine, yeye ndiye atakayesema akae wapi na avae nini, hata kama mahali hapo hakuna mwanga wowote. Akikataa, litoke jalada la kuchorwa, na usinune. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na ungeuliza tangu mwanzo usingeniandikia.

Lakini kabla ya yote hayo, ukimaliza tu kusoma hapa, nenda kaibandue picha ile ubaoni. Korido hiyo anaisafisha yeye, na kila asubuhi anapiga deki mbele ya mgongo wake mwenyewe.