Maji ya Dumu la Bluu

Kaka Hamisi,

Hili sijamwambia mtu hata mmoja: mwizi wa maji hapa nyumbani ni mimi. Kila asubuhi Mama akitoka kwenda kuuza vitumbua, namwaga maji ya lile dumu la bluu ulilotuletea siku ya Idi, Idi yako ya mwisho. Nayamwaga chooni, polepole, yasisikike.

Unakumbuka ulivyoingia nalo begani? Mabomba yalikuwa makavu, Kariakoo nzima inagombania maji ya mkokoteni, na wewe huyo, unacheka. "Mama, bosi katugawia! Nimelisugua kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka limetakata kama bibi harusi." Mama akakushika vile vidole vyako vya kahawia, rangi isiyotoka, akakuombea dua.

Mimi niliutazama mshikio wa dumu ulioungua, nikalijua. Nilikuwa nimeliona kazini kwenu, nyuma ya duka la redio, siku niliyokuletea wali. Mlikuwa mnatengeneza saketi za stabilaiza za kutuliza umeme, maana siku hizi kila mtu ana TV na umeme wenyewe hauna adabu. Ukanionyesha ubao wenye shaba unavyozamishwa kwenye beseni la dawa, shaba isiyotakiwa ikaliwa, zikabaki njia za umeme. Dawa ikishachoka, nzito, ya kijani, mliimimina kwenye dumu lile, akaimwage mtu wa mkokoteni bonde la Msimbazi.

"Haina madhara?" nilikuuliza.

"Wee msomi," ukasema huku unakohoa, "hebu nipe wali wangu."

Tangu tukuzike, Mama hataki chombo kingine; kila jioni anajaza dumu hilo upya. Uji wa Shani, mwanao, lazima upikwe kwa maji ya humo. "Baba yake ndiye aliyelileta," anasema. Nimeyaonja, kaka. Ni kama kulamba msumari. Shani anatapika, Mama anasema ni meno. Shuleni haya ya sumu ya shaba tunayasoma kwa Kiingereza, na kwenye mtihani napata vema zote. Mbele ya Mama nafungua mdomo, haitoki hata sentensi moja. Nitaanzaje kumwambia kwamba zawadi yako inamuumiza mtoto wako?

Basi Mama kamshuku Mama Rehema wa chumba cha pili. Jana uani walifokeana.

"Maji yangu yanaisha, ndoo yako imejaa!"

"Mimi nikuibie? Hata ukinipa bure siyanywi, yana kutu kama roho yako!"

Watu wakacheka. Mama akaingia ndani akalia. Leo ameenda kumleta mjumbe wa nyumba kumi, anataka Mama Rehema ahamishwe. Na huyohuyo ndiye aliyekuosha ulipokuwa huwezi kuinuka.

Nakukumbuka. Halafu hasira. Bosi wako bado anagawa madumu. Juzi nimewaona wenzako wanatoka nayo begani, wanacheka vilevile.

Naisikia milio ya kandambili za Mama kwenye korido, na sauti ya mjumbe nyuma yake. Siku zote karatasi naiingiza chini ya godoro. Leo naiacha hapa juu ya kitanda. Mama atauliza naandika nini, nami nitamsomea yote, mjumbe akiwepo. Kisha dumu nitalitoboa mimi mwenyewe, anione.

Usinichukie. Lala, kaka.

Mdogo wako