Chumba 214 kwenye meli ya dohani tatu

Shosti, uko wapi?

Unalijua lile daftari letu mimi na kaka, la meli za zamani tunazotamani kuzipanda? Ya kwanza kabisa ni ile ya dohani tatu, ambayo siku hizi ni hoteli. Chumba 214. Tuliapa tangu wadogo: hapandi mtu bila mwenzake.

Leo wifi kaja dukani, anataka nimshonee mapazia kama aliyoyaona mahali. Kanionyesha picha kwenye simu. Dirisha la duara. Kavuta ya pili, na hapo ndipo nilipoona. KAKA! Kaegemea mlango, juu ya kichwa chake 214!!

Wifi anacheka tu. “Kwani hakukwambia? Tulienda mwaka juzi.”

Mwaka juzi! Na wiki iliyopita mimi na kaka tulikuwa tunagombania nani atalala kitanda cha dirishani siku tukipanda!

Nikampigia. Unajua kanijibu nini?

“Dada, yale si yalikuwa mambo ya kitoto?”

Mambo ya kitoto.

Shosti, sijawahi kukwambia hili. Mwezi uliopita nilipofuata vitambaa nilifika bandari ilipo meli ile. Nilifika mpaka kwenye ngazi yake, tiketi ya kuingilia mkononi. Nikageuza, nikajiambia nitapandaje bila kaka.