Karatasi Niliyoisaini kwa Niaba ya Pretty

Kabuga, Kigali
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Winifred,

Nakusalimu kwa upendo wewe na wote wa hapo Karagwe. Shemeji Frederick anaendeleaje na ule upande uliopooza? Mke wangu Kayitesi amesisitiza nikuulize kama anakula vizuri na kama ameanza kushika kijiko mwenyewe. Sisi huku tunapumua. Mvua imeshika, njia ya kuja kwetu ni tope tupu, na mgongo wangu umeanza visa vyake vya kila mwaka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na kila nikisikia sauti yako nauliza habari za maharage, kisha naaga. Nimekuwa mwoga uzeeni. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la Rusumo. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Mwanao Pretty hali yake ni ya kuridhisha kwa maana ya daktari. Kidonda kimefunga. Anakwenda kwa magongo hadi getini na kurudi, na hataki kushikwa mkono. Wiki iliyopita jirani alimletea binti wa kusukwa, Pretty akamsuka akiwa ameketi, lakini baada ya saa moja mgongo ukamshinda, yule mtoto akaondoka na nusu kichwa. Saluni alikokuwa akifanya kazi wameshamweka mtu mwingine kwenye kiti chake.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Unajua habari ya ajali, namna gari lilivyoigonga ile pikipiki aliyopanda kwenye mteremko wa Gatsata mwezi wa saba, na namna mguu ulivyokuja kukatwa. Hujui kilichotokea sebuleni kwangu katikati ya hayo mawili. Hata Pretty hakujua hadi Jumanne.

Wiki ya pili baada ya ajali, Pretty akiwa bado hospitali na mguu umefungwa vyuma, madaktari walikuwa wakitupa matumaini. Ndipo alipokuja mwenye gari, bwana mmoja wa Nyarutarama aitwaye Kamanzi, pamoja na dereva wake Bruce, wazee wawili, na kreti za bia na soda. Ndiyo desturi ya huku: aliyekosa huja na watu wake na kinywaji, huomba msamaha, na mwenye nyumba mwenye utu hamfukuzi. Bruce alipiga magoti kwenye zulia akilia. "Muzee, mbabarira," alisema, yaani nisamehe, na hakunyanyua uso.

Dada, nitakuambia ukweli. Nilijisikia mkubwa siku ile. Watu wenye magari walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu wakinisubiri niseme neno. Kayitesi aliniita jikoni akaniambia, "Ngoja kwanza mtoto atoke hospitali. Mguu iko yake, haiko yako." Nikamjibu kwamba wageni hawawekwi wakingoja. Nikarudi, nikatoa hotuba ndefu ya msamaha, nikawataja na marehemu wazazi wetu.

Hapo Kamanzi akatoa karatasi. "Iko ya amani tu, muzee," akasema. "Ya kuonyesha polisi, huyu kijana asifungwe."

Wewe unajua tulivyolelewa. Kinyarwanda tulikipata mdomoni kwa mama, kusoma tukasoma Kiswahili. Nina karibu miaka thelathini hapa, naongea bila shida yoyote, lakini kile Kinyarwanda cha maofisini kikiandikwa bado kinanipiga chenga. Watu hawajui. Kanisani huwa nasingizia miwani. Siku ile wanaume wanne walikuwa wananitazama, nami sikutaka kuonekana mtu wa kuja. Niliishika ile karatasi, nikapitisha macho juu hadi chini, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, nikasaini. Kisha tukanywa.

Baada ya wiki tatu kidonda kiliharibika, wakakata mguu. Nakala yangu niliificha chini ya sanduku, nikanyamaza.

Mwezi wa tisa tulianza kutafuta wakili, kwa sababu bima ya gari haikujibu simu zetu. Wa kwanza tulimpata stendi ya Nyabugogo, ana tai na mkoba mkubwa, anawafuata watu wenye plasta kama mchuuzi. Akataka hati zote za hospitali, tena halisi. Mwenzangu wa kazini, Gerald, yule Mkenya, akaniambia, "Mzee, usimpe kitu. Uliza kwanza jina lake kama liko kwenye orodha ya mawakili." Nikauliza, halikuwepo. Tangu nilipomweleza hilo yule bwana hapokei simu.

Katika orodha hiyohiyo ndipo tulipompata wakili Épiphanie, mama wa makamo, mpole, haongei sana. Ofisi yake iko Remera, ghorofa ya pili, na lifti hakuna. Nilitaka kumbeba Pretty. Alikataa, akaketi kwenye ngazi na kupanda kinyumenyume, kidato kimoja kimoja, gauni lake likifagia vumbi. Mimi nilimfuata nimeshika magongo, na watu wakitupisha. Sijui kama nitaisahau ile ngazi.

Yule mama alimhoji Pretty, nami nikawa najibu, hadi akaniambia, "Mzee, namuuliza yeye." Mwishoni akauliza kama kuna kitu chochote kilichosainiwa na upande wetu. Pretty akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, dada, na sikufungua mdomo.

Jumanne tulirudi. Bima ilikuwa imemjibu wakili, na jibu lilikuja na nakala ya ile karatasi. Akatusomea kwa Kiswahili: kwamba familia ya Pretty imepokea fidia iliyowaridhisha, na haitadai chochote tena kwa mwenye gari wala kwa bima. Tulichopokea ni zile bia na soda. Pretty akauliza, "Familia ni nani?" Wakili akamsogezea. Saini yangu anaifahamu. Aliitazama muda mrefu, kisha akairudisha mezani.

Wakili anasema mambo hayajaisha. Pretty ni mtu mzima na hakumtuma mtu asaini kwa niaba yake, kwa hiyo yeye wakili ataipinga ile karatasi, ingawa hawezi kutuahidi kushinda. Ila itanibidi nisimame mbele ya hakimu niseme kwamba sikutumwa, na kwamba sikuelewa nilichosaini. Hao wazee wa Kamanzi watakuwepo, na mmoja wao nasali naye. Nimekubali. Nitasimama.

Kilichobaki ni mkataba wa kumpa wakili kazi hii. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa ombi la Pretty mwenyewe. Jumanne hiyohiyo wakili alimpa kalamu, akamuuliza kama angependa ndugu ausome pamoja naye. "Mama yangu," akasema. "Mjomba anaweza kusubiri nje." Nikatoka, nikakaa kwenye benchi. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kwangu angekasirika.

Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya mwisho wa mwezi, maana wakili anasema muda hauko upande wetu. Najua kumwacha shemeji si jambo jepesi. Kayitesi yuko tayari kuja kukaa naye siku zote utakazokuwa huku. Pretty hatasaini mpaka uwe umekaa pembeni yake mmesoma mstari kwa mstari.

Hajaniuliza kwa nini nilifanya vile. Ananiita mjomba kama zamani, nikimpelekea chai anashukuru. Lakini tangu Jumanne, kila karatasi inayoingia humu ndani, hata risiti ya maji, ananinyooshea mkono nimpe aisome kwanza yeye. Nami nampa.

Msalimie shemeji Frederick, shangazi Phiona na majirani wote wanaotukumbuka. Kayitesi anakukumbatia. Mungu akutangulie njiani na amwinue mgonjwa wako, na akupe moyo wa kuniangalia usoni ukifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ingawa safari hii sistahili kusema hivyo,
Telesphory